Kabati la Verona

Kwenye gazeti letu wanaume walikuwa na msemo wao: filamu moja, picha moja. Mpiga picha wa kweli, walisema, anajua tukio litafikia kilele lini. Anasubiri, anabonyeza, anarudi ofisini kunywa kahawa. Anayehitaji zaidi ya hapo ama mwoga ama mwanamke. Mwanamke nilikuwa, na huo woga wakanigawia bure.

Kinara wao alikuwa Gus Mellinger, aliyepiga picha za mji wetu wa chuma tangu sijazaliwa. Siku nilipoingia na kasha langu la filamu sita alilitikisa sikioni, akauliza kama ndani mna sindano na vifungo. Tangu hapo likaitwa kabati la Verona, yaani langu mimi. Nikawaacha wacheke, meno yao si yangu.

Kamera zetu zilikuwa kubwa, na filamu yake ni kipande bapa, kimoja kimoja, upana wa kiganja. Wenzangu walibeba vibao vya pande mbili, filamu moja huku, nyingine kule. Ukishapiga unarudisha kifuniko, unachomoa kibao, unakigeuza, unakichomeka, unavuta kifuniko cha upande wa pili. Kufikia hapo waliokuwa wakipigana wamekwisha kupatana na kuagiza bia. Kasha langu halitoki mgongoni mwa kamera. Unavuta, unasukuma, filamu iliyopigwa inakwenda nyuma ya nyingine na mpya inakuja mbele. Na kila moja kasha lenyewe huichapa namba pembeni, kuanzia moja hadi sita, kwa mfuatano ule ule uliopiga. Mellinger alisema hizo namba ni za watu wasiojua kuhesabu.

Ukaja mgomo. Asubuhi moja wafanyakazi walisimama na mabango mbele ya geti la kiwanda, askari wakiwa wamewakabili. Mbele kabisa alikuwa Stefan Dudash, kijana wa kwenye tanuri, mpole hata mke wake humtania. Upepo ukaipeperusha kofia yake ikaanguka miguuni pa Crowe, naibu wa sherifu. Stefan akainama kuiokota. Crowe akamshushia rungu shingoni.

Nilikuwa juu ya lori, nikabonyeza. Vuta, sukuma. Rungu la pili. Vuta, sukuma. Stefan yuko magotini. Akapigwa tena, akatambaa, akashika mti wa bango lililoanguka. Picha yangu ya sita ilimnasa amesimama, mti juu ya kichwa cha Crowe, na mti ule ulitua. Mellinger, chini ya lori, alikuwa amesubiri kilele kama kawaida yake. Alipata hiyo hiyo ya mwisho, Stefan akiwa ameipa kamera mgongo, na ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nakubali, mchawi mpe haki yake.

Kesho yake gazeti likatoka. Juu kabisa picha ya Mellinger, mti hewani. Chini yake, yangu ya kwanza, rungu likishuka. Maneno yakasema mgomaji amemvamia naibu wa sherifu, naye naibu akajitetea. Yaani walichukua mwisho wakaufanya mwanzo, na jina langu wakaliweka hapo chini kama muhuri. Stefan alikuwa ndani, ameshtakiwa kwa kutaka kuua. Kwa kosa hilo mtu huingia kijana na kutoka babu.

Nikapanda kwa mhariri, Purcell, bila kubisha hodi. Nikamtandazia filamu sita mezani, nikamwonyesha namba. Hakuzitazama hata moja. Akasema kupanga picha ni kazi yake, na kwamba pembe hukatwa wakati wa kuchapa, kwa hiyo hakuna msomaji atakayeona namba maishani mwake. Nikamuuliza kama na shingo ya Stefan nayo hukatwa wakati wa kuchapa.

"Verona, wewe unalipwa kupiga," alisema. "Kufikiri tunalipwa sisi."

"Basi rudisheni pesa," nikamwambia.

Akasema filamu ni mali ya gazeti, na saa hiyo hiyo atampa Mellinger akate pembe zote ziingie vizuri kwenye bahasha. Kamera nayo ni mali ya gazeti, niiache mezani nikiondoka, na nisirudi. Nikaiacha. Kasha sikuliacha, hilo nililinunua kwa jasho langu. Nilishuka ngazi mbili mbili. Nilitamani kurudi nimpige na kiti.

Sikuwa nimefika barabarani Mellinger akanishika mkono, akanivuta kwenye chumba cha giza cha kuchapia picha. Filamu zangu alikuwa nazo, na mkasi mfukoni. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyemeza kidonge bila maji.

"Kabati lako silipendi na sitalipenda," alisema. "Lakini picha yangu ni safi, mwanangu. Hawa wameifanya iseme uongo. Haya, chapa upesi. Mimi nakata polepole, mzee mimi."

Nikachapa zote sita, kubwa kubwa, na pembe zake na namba zake. Nikazipeleka kwa Bibi Hanzelka, muuza mikate, ambaye dirisha lake linatazamana na njia ya kwenda kiwandani. Alizipitia zote, akaniomba tutundike tano tu. Ya sita itamponza mtoto wa watu, alisema, maana humo ndiye anayepiga. Nikakataa. Wao ndio wanaochagua ya kuonyesha na ya kuficha. Tukiruka namba, tumekuwa wao.

Zikatundikwa zote kwa mfuatano. Zamu ya mchana ilipofika, watu walijaa nje ya kioo, wakisoma kwa kidole: moja, mbili, tatu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye duka la mikate.

Crowe akaja. Watu wakamfungulia njia. Alimwambia Bibi Hanzelka aziondoe, Bibi akamjibu kwamba pale panauzwa mikate, kama hanunui awapishe wateja. Akaupeleka mkono dirishani mwenyewe, akaichana ya kwanza.

Kumbe Mellinger alikuwa nyuma yangu. Akanivisha kamera yake shingoni. Nilichomeka kasha, nililokwisha kulijaza filamu mpya, mgongoni mwake, nikabonyeza Crowe akiwa na nusu ya picha mkononi. Vuta, sukuma. Nikabonyeza mkono wake ukielekea kwenye ya pili. Vuta, sukuma. Mkono ukasimama hewani.

"Mna ngapi humo?" akaniuliza.

"Chana ya pili, utazihesabu mahakamani."

Aliwatazama watu, akanitazama mimi. Kisha akaiweka ile nusu juu ya meza ya mikate na kutoka. Watu walimwangalia mpaka akapotea kwenye kona. Nilichapa upya ya kwanza jioni ile ile, kutoka filamu ambayo Mellinger hakuwa na haraka ya kuikata.

Kesho yake akaja mwendesha mashtaka mwenyewe, amevua kofia. Alisimama dirishani kitambo kirefu, akarudi mwanzo, akasoma tena. Katika mji mzima asingepata wazee wa baraza ambao hawajapita hapo kununua mkate. Kabla ya siku ya kesi shtaka lilifutwa.

Stefan alitoka na shingo imefungwa bandeji, akaja moja kwa moja kwa Bibi Hanzelka. Alijitazama ameinama kuokota kofia. Alijitazama magotini, akageuza uso kidogo, akarudi. Alipofika kwenye ya sita nilianza kumweleza kwa nini sikuificha, nikajikuta namwomba radhi. Nilimwambia kama inamtia aibu nitaitoa sasa hivi, kesi imekwisha.

"Iache hapo hapo, dada," alisema. "Nilimpiga. Na waone na kwa nini."