Gogo la Kukalia

Nikutegee: ana jino moja, anakula miti wala hashibi. Umeshindwa? Ni shoka.

Shoka la mume wangu lilikuwa limeshamla na bega, na tanuri langu la mikate halijui kusubiri. Mkwe wetu akaazima mashine ya kupasulia kuni, akaileta uani tuijaribu.

"Baba, tununue hii au tubaki na shoka?"

Mzee akaikodolea macho mashine. Nilimjua: aliogopa kugeuka mtu wa kukaa tu.

"Kwanza ipasue hili," akasema, akiinuka kwenye gogo lenye fundo alilokuwa amelikalia. Lilimshinda tangu mkwe akiwa bado mchumba wa binti yetu, basi akalifanya kiti.

Mkwe akalipakia. Mzee mwenyewe akavuta mkono wa mashine. Kraa! Vipande viwili.

"Adui yangu kwisha!" Akanikumbatia na vumbi lake lote, anarukaruka.

"Hongera, baba watoto. Sasa utakaa wapi?"

Akacheka hadi akashika mbavu.

"Baba, hujanijibu," mkwe akasema.

"Nunua, mwanangu. Nani ana muda wa kukaa? Huo mkono nitauvuta mimi."