Hatua za Mama Léontine

Kutoka ukutani hadi mlangoni ni hatua tano. Mama Léontine alizitembea pekupeku, akageuka, akarudi, sikio lake likiwa uani. Wifi yake Chantal alikuwa ameenda kuchota maji, na kabla hajarudi ilimpasa Léontine awe amekwisha kukaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kama ukoo wa mumewe ulivyotaka mjane akae. Alipofika hatua ya mia mbili na kumi pumzi ikamwishia, akashika ukuta. Wiki tatu nyuma kulikuwa na simu ya kumhesabia. Sasa alihesabu mwenyewe, na hesabu yake haikuwa na mtu wa kuipokea.

Simu hiyo alipewa mwaka jana, baada ya moyo kumwangusha sokoni, kando ya beseni lake la ndakala, dagaa alizokuwa akiuza. Daktari alimweleza kwamba mishipa inayoulisha moyo imebanana, na kwamba dawa yake si kulala tu: ni vidonge na kutembea. Mradi wa moyo ukampa simu ya kuweka mfukoni. Kila asubuhi ilimsalimu kwa jina na kumtajia hatua za siku hiyo. Kila jioni ilimuuliza kama kifua kimeuma, abonyeze moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Majibu yalikwenda biro, ofisi ya mradi nyuma ya hospitali, kwa muuguzi Ulrich, na yakifika, vidonge vya mwezi vilitoka. Léontine aliipenda ile simu, hakuna haja ya kuficha. Ana miaka hamsini na miwili, na hakuwahi kuwa na mtu wa kumuuliza kila jioni anajisikiaje. Hata marehemu Edouard, pamoja na wema wake wote, hakuwa mtu wa kuuliza.

Edouard alikufa kwa homa ya siku nne. Siku ya tatu ya kilio mdogo wake, Prospère, alipita chumba kwa chumba. Akatoa kitanda, redio, baiskeli. Akachukua na simu.

"Shemeji, ile simu ni yangu," Léontine alisema kutoka mkekani. "Ni ya ugonjwa wangu."

"Ilikuwa mu nyumba ya nani?"

"Ya Edouard, lakini..."

"Basi njo hivyo. Vitu vya mukubwa yangu vinarudi kwetu. Na weye unatafuta kutembea wapi? Mujane anazungukazunguka mu barabara, watu watasema nini juu yetu?"

"Daktari njo alisema nitembee."

"Daktari hajafiwa."

Chantal akamwambia Léontine ashushe sauti, kilio bado hakijatolewa, matanga hayajaisha.

Prospère huishi kwa kuwatafutia watu karatasi bandarini. Kutwa yuko mguu kwa mguu, kutoka forodhani hadi gare ya treni, kutoka gare hadi forodhani, simu mfukoni. Jioni ilipomuuliza kama kifua kimeuma, alijisikiliza, akaona hakimuumi, akabonyeza mbili. Mwenyewe alimsimulia Chantal, akicheka, na Léontine akasikia kila neno. Hakuwa amedanganya. Kifua chake ni kizima kabisa.

Siku ya ishirini na mbili gari la mradi likasimama nje. Léontine akajitupa mkekani, roho ikimdunda kwa furaha. Wamegundua, aliwaza. Wameona simu imepotea kwangu.

Ulrich aliingia na mpiga picha, akachuchumaa mbele yake.

"Mama Léontine, pole ya kilio. Tumekuja na habari nzuri." Akamwonyesha mstari uliopanda kwenye kioo cha tableti yake. "Angalia. Hatua elfu tisa kila siku. Kifua hakijauma hata mara moja. Mu Kalemie yote njo weye wa kwanza."

"Papa Ulrich, mimi sijatoka hapa kwenye mukeka."

Ulrich akautazama mkeka. Akatazama mlangoni, ambapo Prospère alikuwa amesimama, mkono mfukoni. Akaelewa, ilionekana usoni kwamba ameelewa. Akashusha sauti.

"Simu iko na nani?"

"Na shemeji, toka siku ya tatu. Vidonge vimenibakia vinne."

"Unakumbuka ile karatasi ulitia sinyatire? Simu ikishikwa na muntu mungine, mugonjwa anafutwa. Nikiandika hivyo, unatoka mu mupango."

"Na usipoandika?"

"Basi umepona. Waliopona wanapata sertifika. Vidonge vinaenda kwa wale wangali wagonjwa."

"Sasa mimi niko wapi, Papa Ulrich?"

Ulrich akafuta kioo cha tableti kwa mkono wa shati. "Ripoti ilishaenda Kinshasa," alisema. "Jina lako liko mbele."

"Nirudishieni simu tu."

Ulrich akainuka, akamgeukia Prospère. "Papa, ile simu ya mama..."

"Ni mambo ya famille, infirmier. Kilio kikitoka, tutaona."

Ulrich akaitikia kwa kichwa. Huko nje dereva alikuwa anapiga honi.

Mpiga picha alitaka Mama asimame. Chantal akasema mjane hasimami mbele ya wageni. Kwa hiyo Prospère akakipokea cheti kwa niaba ya shemeji yake, akakiinua kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, na mpiga picha akamwomba atabasamu kidogo. Alitabasamu vizuri.

Jioni Léontine alikipasua kidonge kwa wembe, akameza nusu, nusu akaifunga kwenye pindo la kitenge. Ule uzito ulikuwa umerudi kifuani, ukishuka hadi mkono wa kushoto. Chantal alikuwa amehamishia kiti chake mlangoni, hivyo kutembea hakukuwezekana tena. Chini ya dirisha Prospère alikuwa akizungumza na majirani, mara simu ikaita.

"Mama Léontine, jioni njema," ilisema ile sauti aliyoizoea. "Leo kifua kimeuma?"

"Ndiyo," Léontine alijibu kutoka mkekani. Akasubiri, kisha akasema tena, kwa nguvu zaidi. "Ndiyo. Toka saa tisa."

Nje kitufe kikalia. Sauti ikamshukuru Mama Léontine kwa jibu lake, ikamkumbusha kesho asiache kutembea.