Kuni za Jumamosi

Penye moshi pana moto, hilo hata mtoto analijua. Mimi nilisumbuliwa na kinyume chake: kuni napeleka, moshi sioni.

Kazi yangu ni kubeba kuni kwa pikapu. Nachukua mabaki ya kiwanda cha mbao na magogo ya miti iliyoangushwa na upepo, napasua, napanga nyuma ya gari hadi usawa wa paa la kabini, nafunga kamba, naondoka. Wateja wangu ni shule mbili, mfinyanzi mmoja, na mwoka mikate mmoja ambaye ni baba wa marehemu mke wangu. Huyu mwoka mikate nampelekea kila Jumamosi asubuhi. Tangu mke wangu afariki, huu mwaka wa pili, hizo kuni ndizo sababu pekee ya mimi kukanyaga kwake. Mke akishaondoka, mkwe anabaki mkwe wa nani? Sikuwahi kumwuliza mtu, na hakuna aliyejitolea kunijibu.

Pikapu yenyewe ina vituko vyake. Starta ilikufa zamani. Nyumbani gari naliegesha kwenye mteremko, shuleni wapo wa kulisukuma, lakini kwa mkwe silizimi. Naingia uani kinyumenyume, nashusha kuni huku injini inanguruma, nazipanga kibandani, napokea changu, naaga. Na kila Jumamosi mzee hutokea mlangoni na aproni yake, mikono imejaa unga hadi viwikoni.

"Zima gari, moshi unaingia kwenye unga."

"Nikizima haliwaki, baba."

"Haya."

Mazungumzo yetu ya wiki nzima ndiyo hayo. Na nikisema kweli, starta ingekuwa imeshatengenezwa siku nyingi. Sikutaka. Mle ndani, juu ya meza ya kukandia, kuna picha ya mke wangu akiwa na miaka kumi, amekumbatia mkate mkubwa kuliko kifua chake. Gari likizimwa itabidi niingie, nikae, niitazame. Moyo huo sikuwa nao.

Sasa tuje kwenye moshi. Mimi ni mtu wa kutazama matairi na kamba, juu sitazami. Jumamosi moja nikasikia vifaranga wanalia, nikainua macho: ndege amejenga kiota ndani ya bomba la moshi la tanuri. Si pembeni, ndani kabisa. Nikaenda kugusa mdomo wa tanuri. Baridi kama mtungi. Na wakati huohuo harufu ya mikate ya moto inatoka dirishani, na watu wamepanga foleni upande wa barabara.

Nikamtafuta Hamira. Huyu ni mkandaji wa mzee, na jina hilo amepewa kwa jinsi tumbo lake linavyoumuka.

"Tanuri lina nini?"

"Tanuri lipi?"

"Yapo mangapi?"

"Mimi nakanda tu, shemeji. Mambo ya moto muulize mwenyewe."

Akaingia ndani kwa mbio ambazo sikujua anazo. Muulize mwenyewe! Kirahisi hivyo. Baba mkwe humwulizi, unamsubiri aseme. Nikapanga kuni zangu, nikaondoka kichwa kinaniuma.

Jumamosi iliyofuata kibanda kilikuwa kimejaa kuni za wiki iliyopita. Kawaida hukikuta kitupu, nami hujua zimechomwa. Nikazunguka nyuma kutafuta pa kuweka, nikaona mabati marefu yamelazwa, nikafunua.

Kuni zangu. Nazijua, kwa sababu gogo lenye fundo hulitia alama ya chokaa, kumwonya mchomaji kwamba litachelewa kushika moto. Alama zangu zilikuwa pale, safu kwa safu. Hata ule mti wenye kiini chekundu ulioangukia uzio wa shule kabla ya mvua, miezi mitano nyuma, ulikuwepo wote. Hakuna hata kijiti kilichoguswa. Na kwenye dirisha la nyuma nikaona oveni ya umeme, mpya, ina taa nyekundu, inaoka mikate bila habari na mtu.

Nilisimama pale nimeshika bati kama mwizi. Mtu anunue kuni, azifiche, anunue nyingine? Ameanza kusahau? Lakini mzee huyu anakumbuka hata gunia lililochanika mwaka juzi. Ananionea huruma? Hapo damu ikanichemka, maana mimi si ombaomba, nina mikono miwili na gari, hata kama la kusukuma. Hasira ilipopoa kidogo, hofu ikachukua nafasi yake. Nikinyamaza, nakula sadaka. Nikisema, ataniambia kweli, kuni zimekwisha kazi. Na kuni zikikoma, mimi na nyumba ile tumemalizana. Hilo la pili ndilo lililonitisha.

Basi nikatunga uongo, nimpime.

"Baba, Jumamosi ijayo sitaweza. Kuna mwenzangu ataleta, kuni ni zilezile."

Akajifuta mikono kwenye aproni, mmoja, wa pili, akarudia wa kwanza.

"Mwenzako nani?"

"Dereva mwenzangu tu. Mtu mwaminifu."

"Mwambie asilete."

"Hata nusu gari?"

"Asilete. Kuni ninazo." Akageuka kuingia, kisha akasema bila kunitazama, "Wewe ukipata nafasi, lete."

Maneno hayo hayakuwa na kichwa wala miguu. Kuni anazo, mwenzangu asilete, mimi nilete. Nilipita kona ya kwangu mara mbili nikiyarudia. Jumatatu nikapeleka mzigo wa mfinyanzi shuleni na wa shule kwa mfinyanzi, akanitukana vizuri tu, na haki yake. Usiku sikulala, mchana sikuwa macho.

Jumanne, nikiwa nimeinua shoka, nikaelewa. Nikalishusha taratibu, nikakaa juu ya gogo, nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Mzee wa watu hakuwa na shida na kuni. Alikuwa ananunua ile nusu saa ya mimi kuwepo uani kwake, na mimi nusu saa yote nimewasha injini kama mtu anayekimbizwa. Aliogopa kilekile nilichokiogopa mimi, kwamba kuni zikiisha na mimi nimekwisha.

Jumamosi nikaenda na gari tupu. Kamba nilizikunja nikaziacha nyumbani. Kwa mazoea nikaingia uani kinyumenyume, na kwa mazoea yeye akatokea mlangoni. Akatazama nyuma ya pikapu. Akanitazama mimi.

"Kuni ziko wapi?"

"Leo sina kuni, baba."

"Umeleta nini basi?"



"Sijaleta kitu. Nimekuja tu."

Akajifuta mikono kwenye aproni, mmoja, wa pili.

"Zima gari," akasema, "moshi unaingia kwenye unga."

"Nikizima haliwaki." Ulimi ulijisemea wenyewe.

"Tutasukuma. Mimi na Hamira tupo."

Nikazungusha ufunguo. Ua ukanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia Hamira akipigapiga unga mezani. Mzee alikuwa ameshatangulia ndani, anaondoa gunia kwenye kiti.