Viganja Chini ya Lipu

Kila asubuhi binti alianza na cherehani ya mjomba wake. Alifagia vipande vya vitambaa, akadondosha mafuta kwenye matundu, kisha akaijaribu kwenye kitambaa chakavu mpaka mshono ukanyooka kama mstari wa daftari. Asubuhi ile tone la pili lilikuwa bado halijaanguka pale ukuta ulipotikisika na mkasi ukaporomoka kutoka mezani.

Lori lilikuwa limekwangua lango tena. Hilo halikuwa jambo geni. Lango lile kuukuu la matofali, lililopinda juu ya barabara ubavuni mwa kibanda chao, lilikuwa likikwanguliwa tangu mama yake hajaolewa. Ila safari hii lipu yote ya upande wa ndani ilimwagika chini.

Binti alitoka na kopo la mafuta mkononi, akasimama hapo hapo.

Chini ya lipu kulikuwa na viganja. Si kimoja, si kumi. Mamia, vimegandamizwa kwenye udongo mwekundu uliokandikwa juu ya matofali tangu usawa wa goti hadi juu kabisa kwenye upinde: alama za watu waliolijenga. Kulikuwa na vipana na vyembamba, na kimoja kisicho na kidole gumba. Kingine kilikuwa kidogo mno, tena kiko juu. Mwenyewe lazima alibebwa ili afikie. Hapakuwa na jina hata moja. Dereva wa lori alishuka, akavua kofia. Magari ya nyuma, ambayo siku zote yalipiga honi kama bata waliofungiwa bandani, yalinyamaza moja baada ya jingine.

"Ee Mola," alisema mama muuza mboga. "Miaka ishirini naegemea ukuta huu, kumbe nawaegemea watu!"

Aliyecheka, alicheka kwa kunong'ona.

Ndipo mjomba wake binti alipofika mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, wateja walimwita Pima Tena, na wiki iliyofuata alikuwa anagombea udiwani. Ahadi yake ilibandikwa kila nguzo: lango libomolewe, foleni iishe. Shauri hilo aliliokota kwa madereva waliokuja kushonewa vitambaa vya viti, wengine hakuwauliza. Binti ndiye aliyeliandika kwenye karatasi, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri, na kwa kuwa hakujua namna ya kumkatalia mtu aliyemlea.

"Haya, mgombea," fundi viatu alimchokoza. "Nyundo iko wapi?"

"Usinitanie, bwana. Mke wa dereva huyu alijifungulia hapa hapa kwenye foleni. Barabara ni ya walio hai."

"Ni kweli," dereva alisema, macho hayatoki ukutani. "Mwanangu alizaliwa pale, karibu na mfereji."

Mjomba aliwageukia watu. Alichomoa karatasi ya ahadi yake mfukoni, akampa mpwa wake, aliyeweka kopo chini akaipokea.

"Mama, hebu wasomee. Wewe una sauti nzuri."

Binti akasoma. "Lango hili halina faida kwa mtu yeyote..." Akakoma. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukutani, hakukumbuka kuuweka. Vidole vyake vilikuwa vimezama ndani ya kiganja cha mtu asiyemjua, kimoja kimoja, kama vile vimepimiwa humo. Udongo ulikuwa wa baridi, na mwili ukamsisimka kana kwamba amepewa mkono.

"Endelea, mwanangu," mjomba alisema kwa upole.

"Siwezi, Mjomba."

"Maandishi hayaonekani?"

"Yanaonekana."

Mtaa mzima ulikuwa unamtazama, naye hata kutazamwa na watu watatu kulimtoa jasho. Hakuuondoa mkono.

"Maneno haya niliyaandika mimi, lakini sikuyakubali hata siku moja. Niliogopa utaniona sina shukrani. Nguo ikimbana mteja, Mjomba, hatumpunguzi mteja. Tunatafuta upindo, tunaufungua. Malori yazungukie ile barabara ya nyuma ya maghala, hapa pabaki njia ya gari la wagonjwa na watu wa miguu. Na hawa wote wa mtaani hukuwauliza. Waulize. Mimi nikiulizwa, nasema lango libaki."