Tiketi ya Darajani

Mimi ndiye ninayewauzia wenye mabasi hapa Mwanza zile mashine ndogo za tiketi, za kushika mkononi kama simu nene, na sipendi mtu azisemee vibaya. Baba yangu, mzee Masele, alizisemea vibaya mpaka alipotutoka mwaka jana. Nilimvumilia kwa kuwa alikuwa kondakta maisha yake yote, na kwa kuwa nilimpenda mno.

Alianza kazi na tiketi za kadi, zilizochapwa tayari, kila nauli na rangi yake, anazitoboa kwa koleo. Kisha kampuni ikamvisha mashine ya chuma yenye mkanda wa ngozi begani. Ulikuwa unaweka nauli, unazungusha hendeli, kengele inalia, tiketi inatoka na wino wake wa zambarau. Mama anasema alimkubali kwa ajili ya kengele ile, na ukimtazama usoni unajua hatanii sana. Kampuni ilipokufa yakaja mabasi ya watu binafsi na vitabu vya kuandika kwa kalamu, kaboni katikati, baba akawa anarudi nyumbani na vidole vya bluu. Alikuwa ameshastaafu nilipokuja mimi na mashine zangu.

"Kengele yake iko wapi?" aliniuliza siku nilipomwonyesha.

"Haina kengele, baba."

"Sasa abiria anajuaje kwamba amekatiwa tiketi?"

Nilinuna siku nzima.

Mama, Kokulinda, Mhaya wa Muleba, alikuwa na mtindo wake. Kila safari yao ya maana aliiwekea tiketi moja kwenye kopo la biskuti: ya kwenda kumtambulisha baba kwao, ya kunileta mimi nyumbani kutoka hospitali, ya harusi ya shangazi Sengerema. Kwa hiyo daraja la Kigongo lilipofunguliwa, tukapanda basi watatu twende kwa shangazi, na tiketi zetu zikatoka kwenye mashine yangu.

Zamani pale Kigongo abiria wote walishuka, basi likaingia kwenye kivuko. Ng'ambo ya Busisi baba alisimama mlangoni, akapokea tiketi moja moja na kuichana pembe kwa ukucha kabla ya kumruhusu mtu kupanda tena, asije mtu akadandia bure. Safari hii hakuna aliyeshuka. Basi lilipita juu ya maji, baba amebandika uso dirishani, mama pembeni yake, na mimi niko mbele nikimwelekeza konda mpya vitufe vya mashine. Ndiyo ilikuwa safari ya mwisho ya baba.

Mwezi huu tumemwandalia misa ya kumbukumbu. Mama akataka tiketi zote ziingie kwenye fremu moja, itundikwe sebuleni kwake Kiseke ili wageni wakija kutoka kanisani wazione. Kwanza akazipeleka kwa Queen, mwenye steshenari, zipigwe lamineshani, maana kwetu karatasi yenye thamani haihesabiki kuwa salama mpaka iingie ndani ya plastiki. Cheti cha ubatizo tumekipiga, hati ya kiwanja tumeipiga, hata picha ya bibi. Zile za kadi zikatoka safi, za zambarau zikatoka safi, za kaboni nazo. Ya darajani ikatoka nyeusi tii.

Mtu yeyote wa kazi yangu angemwonya. Karatasi yetu haina wino. Mashine huichoma kidogo kwa joto na ndiyo maandishi yanatokea. Ukiipitisha kwenye moto wa lamineshani inaungua yote kwa pamoja, isomeke tena wapi. Nilikwenda kwa Queen nikamfokea mbele ya wateja.

"Dada Getruda, nimeipitisha kama zile nyingine," alisema, machozi yakimlengalenga. "Mama mwenyewe alikuwa amesimama hapo ulipo."

Nikaondoka na aibu yangu. Hasira haikuwa ya Queen, ilikuwa ya karatasi yangu mwenyewe, na njiani nilikuwa kama namsikia baba akinicheka.

Lakini mfumo wetu unatunza kila tiketi. Nilikwenda ofisini, nikaitafuta siku ile, basi lile, kiti cha mama, nikaichapa upya. Jumamosi, misa ikiwa kesho yake, nikampelekea. Fremu ilikuwa wazi mezani, imebaki nafasi moja.

"Shikamoo, mama. Nimeipata."

"Marahaba, mwanangu. Umepata nini?"

Nikampa. Akavaa miwani, akaisoma yote taratibu, mpaka namba ya kiti. Kisha akanirudishia.

"Siyo yenyewe."

"Mama, ni ile ile. Namba ile ile, saa ile ile."

"Nimeona. Imeandikwa vizuri."

Akaichukua ile nyeusi, akanishika kidole, akakiweka juu ya plastiki. Pembe moja ya karatasi haikuwepo. Palikuwa na mkato mdogo uliopinda, wa upana wa ukucha.

"Tulipomaliza daraja alinyoosha mkono bila kunitazama," mama akasema. "'Tiketi, mama.' Nikampa. Akaichana, akanirudishia, akaendelea kutazama ziwa lake. Wewe ulikuwa mbele na konda."

Nililia pale mezani, mtu mzima mimi, mwenye ofisi yangu. Mama aliniacha nilie. Aliipanga ile nyeusi kwenye nafasi yake, akafunga fremu, akafuta kioo kwa ncha ya khanga. Ndipo akaitazama tena tiketi yangu, pembe zake zote nne zikiwa nzima.

"Hiyo yako ni nzuri," akasema, "lakini haijakaguliwa."