Marehemu Kantengwa Apata Kazi

Profesa Natanaeli alikuwa akipepeta maharage mbele ya nyumba yake katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alipomwona marehemu Kantengwa akishuka kwenye bodaboda iliyotoka Rwekubo. Alimtambua mara moja, kwani alikuwa akiandika wasifu wake. Kantengwa alikuwa mtunzi wa riwaya, akafia Uvira zamani. Natanaeli, aliyefundisha Kiingereza chuoni Bukavu mpaka vita vilipomfukuza, alikuwa amefika sura ya mazishi.

"Profesa, uliandika kama nilizaliwa Fizi," marehemu alisema kabla hata ya kuketi. "Miye nilizaliwa Minembwe."

"Nitarekebisha, Mama."

Bénédicte, mke wa profesa, aliongeza unga kwenye sufuria. Mgeni alikula vizuri.

Wiki iliyofuata Natanaeli aliitwa Mbarara, ambako chuo kimoja kilitafuta mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza. Kantengwa alimsindikiza, maana hakuwahi kuuona mji huo. Natanaeli alijibu kila swali, na wasaili wakacheka pale alipotaka wacheke. Kisha mwenyekiti wao, Bwana Rugamba, akataka kuona shahada. Zilikuwa zimeungua pamoja na nyumba yake ya Bukavu.

"Mzee, Kingereza yako mzuri sana," Rugamba alisema kwa masikitiko. "Lakini hapana karatasi, hapana kazi. Na huyu mama?"

Kantengwa akafungua mkoba. Shahada zake zote zilikuwemo, zikinukia udongo kidogo. Mama yake ndiye aliyeziweka kwenye jeneza. Rugamba alizikagua, akauliza alifariki lini, akapekua kanuni za ajira. Hakukuta palipokataza kumwajiri marehemu. Wakampa kazi.

Njiani Kantengwa hakuweza kumtazama mwenzake.

"Naona haya, Profesa. Ile kazi iko yako."

Ilimuuma Natanaeli. Halafu akaanza kucheka. Wasifu wote aliowahi kuandika ulikomea kaburini, naye hakuwahi kuridhika na miisho hiyo.

"Fundisha tu, Mama. Miye nitaandika."

Kantengwa ni mwalimu hodari. Jumamosi huja Nakivale na vitabu vya maktaba na mkungu wa ndizi, na wawili hao hubishana juu ya maisha yake hadi Bénédicte awaite mezani. Kantengwa aliwahi kumwandikia Natanaeli barua ya udhamini ili naye apate kazi chuoni. Chuo kiliirudisha: mdhamini sharti awe hai. Bénédicte alishindwa kuisoma hadi mwisho kwa kicheko.

Mwaka jana Kantengwa alipandishwa cheo. Natanaeli alivaa koti, akaenda Mbarara kushuhudia, kwa ajili ya sura mpya. Langoni askari alimwomba kitambulisho. Alitoa kile cha ukimbizi.

"Wewe iko profesa?" askari aliuliza, akilitazama koti.

"Ndiyo."

"Hapa haisemi."

Natanaeli akamwambia amekuja kwa Kantengwa. Askari akafikiri kidogo, akamwandika kitabuni: mgeni wa marehemu. Kisha akamfungulia.