Theluthi ya Si Tijani

Saa moja asubuhi Tijani alikuwa ameshazigawa barua zake mafungu mawili juu ya meza ya posta. Fungu la kulia zilikuwa zile zenye jina la njia na namba ya nyumba. Fungu la kushoto zilikuwa zile nyingine.

Lukini, aliyekuwa meza ya pili akifunga mkoba wake, alinyoosha shingo akaisoma ya juu kwa sauti. "Kwa mama wa mapacha, nyuma ya hamamu ya wapaka rangi, mlango wenye samaki. Samaki gani tena, Tijani?"

"Alichorwa kwa rangi nyekundu, kuzuia kijicho. Mvua imemfuta, umebaki mkia."

"Kwa hiyo leo unatafuta mkia."

"Sitafuti, kaka. Najua ulipo."

Wote wawili walicheka. Lukini, Mfaransa, alikuwa kijana mwema. Yeye alipeleka barua kwenye barabara pana za Wazungu wa Tunisi, ambako kila nyumba ilikuwa na namba na kila lango lilikuwa na bawabu. Miaka mitatu nyuma, Tijani ndiye aliyemfundisha kazi, hata namna ya kuvaa mkoba usimkate bega.

Kila mwisho wa mwezi walipanga mstari mmoja kwenye dirisha la mhasibu. Kazi moja, ngazi moja, kofia moja. Lukini alipokea mshahara wake na theluthi nyingine juu yake, kwa kuwa sheria ilisema Mfaransa aliyeacha kwao kuja kutumikia huku anastahili kifuta jasho. Tijani, ambaye hakuacha kwao, alipokea mshahara basi. Lukini mwenyewe alizaliwa Bizerta, humuhumu nchini, na bahari hajawahi kuivuka.

"Tijani!" Sauti ilitoka ofisi ya ndani. "Njoo kabla hujaondoka."

Mkuu wa posta, Bwana Ferani, hakumwambia akae. Alisukuma karatasi mezani. Tijani aliijua hata kabla ya kuisoma. Ilikuwa ya kuomba uraia wa Ufaransa.

"Wiki iliyopita uliomba ukopeshwe mshahara wa mwezi mmoja, kwa ajili ya shule ya binti yako," Bwana Ferani alisema. "Haikuwezekana. Lakini hili linawezekana. Ukitia saini, theluthi inaanza mwezi ujao, na kwa karatasi hii shule yenyewe itakubali kusubiri. Orodha ya mwaka huu inafungwa leo saa kumi na moja."

"Leo, Bwana Mkuu?"

"Leo. Na usiniletee habari za dini. Hakuna anayekuzuia kuswali."

Tijani aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Nje, Lukini alijifanya anakaza kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imekazwa vizuri sana.

Binti aliyetajwa ni Zakia, wa miaka kumi na minne. Alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia shule ya wasichana wanaosomea ualimu, na kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni jina lake lilikuwa la tatu. Alikuwa ameshaanza masomo, lakini ada na vitabu vilitakiwa kabla ya mwezi kwisha, la sivyo kiti kingepewa mwingine. Tangu matokeo yatoke, Mannubia mama yake alikuwa akiifua aproni ya shule kila Alhamisi na kuianika ndani ya chumba, maana uani kulikuwa na wapangaji watano na moshi wa majiko matano.

Tijani aliingia mji mkongwe kwa lango la Bab Swika. Alisimama kwa muuza supu ya dengu, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na tisa.

"Bakuli limekuwa dogo," alisema.

"Mkate umepanda tena, Si Tijani," muuzaji alijibu kwa "Si" ya heshima, yaani Bwana. "Ningepandisha bei mngenitukana. Sasa litukaneni bakuli."

Kisha akaanza kazi. Na kazi yake katika vichochoro vile ilikuwa hivi: anagonga mara mbili, anaita "Posta!", halafu anageuka na kuupa mlango mgongo, ili mwanamke wa ndani afungue bila haya. Kama ni ghorofani, anasubiri kikapu kishuke kwa kamba. Kama mwenye barua hajui kusoma, Tijani huisoma palepale akiwa ameukabili ukuta wa upande wa pili, kana kwamba anausomea ukuta. Hakuna sheria ya posta iliyomtaka afanye hayo. Sheria ilisema barua isiyo na namba irudishwe ilikotoka.

Bi Hnani alikuwa na mtoto wake wa pekee kule Lioni, Ufaransa, kiwandani. Tijani aliusomea ukuta barua yake. Kijana alieleza habari za baridi, na msimamizi mkali, na kwamba mwezi huu hataweza kutuma kitu.

"Amesema amekula?" Bi Hnani aliuliza nyuma yake.

Katika barua hapakuwa na neno la chakula.

"Amesema amekula vizuri, Bi. Nyama mara mbili kwa wiki."

"Alhamdulillah. Basi yaliyobaki ni maneno ya watoto tu."

Tijani alipita vichochoro vingine viwili. Karatasi ilikuwa ikimkwaruza kifuani kila alipoinama. Alijiambia: ni wino tu. Alijiambia: Zakia ni wa tatu katika orodha nzima. Kuna mahali alisimama kabisa, akautegemeza mkoba ukutani, akaitoa karatasi na kalamu, na kama punda wa muuza maji asingepita na kumbana pale, huenda angeitia saini juu ya goti lake.

Barua iliyofuata ilikuwa ya Lalla Shedlia, yaani Bibi Shedlia, mjane wa mtaa ule.

Mumewe alikuwa karani wa serikali. Aliitia saini karatasi kama ile, na kwa miaka sita alipokea theluthi. Alipofariki mwaka uliopita, watu wa mtaa walilizuia lango la makaburi, wakisema aliyejifanya Mfaransa ameutoka Uislamu, na mwili ukageuzwa njia. Askari ndio waliomzika, mahali palipotengwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyegonga mlango wa mjane isipokuwa Tijani, na kila alipogonga aliombwa anywe maji, naye akayanywa palepale kichochoroni, taratibu, watu wakiona.

Leo alipomaliza kunywa hakuondoka.

"Lalla Shedlia, nikuulize neno zito, unisamehe?"

"Wamekupa karatasi," mjane alisema nyuma ya mlango.

"Umejuaje?"

"Hujawahi kuyanywa maji yangu kwa haraka hivyo."

Tijani aliutazama ukuta. "Nina binti. Anataka kusoma."

"Na mume wangu alikuwa na watoto wanne. Sitakwambia alikosa, Si Tijani. Tulikula, na watoto walivaa viatu. Alipokufa nilituma watu watatu kwa waosha maiti, wote wakasema wanaumwa mgongo. Nikamwosha mwenyewe kwa mikono yangu, mlango nimeufunga. Majirani nimewakasirikia mpaka nimechoka. Siku hizi nawakasirikia wengine. Kwani mtu akipanda ngazi zilezile na mwenzake, akichoka uchovu uleule, kwa nini mkate wa watoto wake uwekwe juu ya karatasi ile? Nani aliuweka pale? Huyo mbona mgongo haumuumi?"

"Kwa hiyo nisitie saini?"

"Lo, mimi sikutwishi uamuzi! Ukitia, uje unywe maji. Usipotia, uje vilevile."

Tijani alimshukuru, na kwa mara ya kwanza mkono ulitokeza kwenye ufa wa mlango ukiwa na chungwa. "La mtoto," mjane alisema.

Tijani alitembea nalo mkononi hadi kwenye ngazi za hamamu, lile bafu la umma la wapaka rangi, akakaa. Mlango wenye mkia wa samaki ulikuwa hatua kumi mbele yake. Aliutoa mzigo uliobaki akaanza kuupanga mapajani. Zenye namba huku, zisizo na namba kule. Akazijumlisha na zile alizokwisha kupeleka tangu asubuhi. Barua tisini na tatu zilitoka posta naye, na thelathini na moja kati yake hazikuwa na namba. Alihesabu tena. Jana zilikuwaje? Thelathini na kitu. Juzi? Vivyo hivyo. Miaka kumi na tisa alikuwa akiifanyia serikali theluthi nzima ya kazi ambayo sheria haikuitambua, na serikali ilikuwa ikilipa theluthi hiyo kwa mtu mwingine.

Aliinuka. Zile zenye namba alizipeleka zote, hadi ya mwisho. Zilizobaki zisizo na namba zilikuwa kumi na nane, ya mama wa mapacha ikiwemo, akazirudisha mkobani. Kuupita mlango ule bila kugonga kulimuuma kuliko alivyotarajia. Ndani alimsikia mwanamke akiimba na sufuria zikigongana.

Saa kumi na nusu alizipanga barua kumi na nane juu ya meza ya Bwana Ferani, safu tatu za sita sita. Juu ya karatasi ya uraia hapakuwa na wino wowote. Aliiweka pembeni.

"Nini hizi?" mkuu aliuliza.

"Kazi isiyo na namba, Bwana Mkuu. Kila siku ni theluthi ya mkoba wangu. Sheria inasema zirudi."

"Umekataa kupeleka barua?"

"Zimekataliwa na sheria. Mimi nilikuwa nazipeleka kwa sababu nawajua watu. Naomba Bwana Mkuu achague mmoja yeyote kati ya wale wanaopata theluthi, azipeleke. Akizifikisha, nitatia saini sasa hivi, muda bado upo."

Bwana Ferani alichukua moja. Akaigeuza. *Kwa Hamuda anayechechemea, aulizwe muuza mkaa.* Akachukua nyingine. Akawa mwekundu hadi masikioni. Mlangoni alikuwa amesimama Lukini, na nyuma yake makarani wawili walioacha kupiga mihuri.

"Lukini," mkuu alisema, "wewe ungezipeleka hizi?"

Lukini angeweza kusema ndiyo, na pengine ingekuwa heri kwake. Alizitazama barua moja moja. "Hapana, Bwana. Hata moja nisingeifikisha. Kungepambazuka nikiwa bado naulizia samaki."

Karani mmoja alicheka, akajifanya kukohoa.

"Fomu ya mshahara," Bwana Ferani alisema polepole, "haina mahali pa kuandika kwamba mtu anawajua watu."

"Najua, Bwana Mkuu."

"Kesho utazipeleka."

"Kesho nitazipeleka asubuhi na mapema, kabla ya nyingine zote. Leo nilitaka uzione tu."

Mkuu aliandika haraka kwenye daftari la adhabu: nusu siku imekatwa, kwa kuchelewesha barua. Kisha akatazama saa ya ukutani, akatazama karatasi isiyotiwa saini, akangoja. Tijani naye alingoja, kofia mkononi, kwa adabu. Saa kumi na moja ilipogonga aliaga akatoka.

Lukini alimfuata hadi barabarani. "Tijani, ile theluthi..." Uso ulimwiva. "Sijui nikwambie nini."

"Umeshasema, kaka. Umesema mbele yake. Nenda nyumbani."

Mannubia alikuwa akikoroga supu ya shayiri alipoingia. Alimwangalia mumewe mara moja tu, akapunguza moto. Zakia alikuwa mkekani na kitabu chake. Tijani alimpa chungwa, akamwambia limetoka kwa Lalla Shedlia. Halafu akawaeleza yote, hata punda wa maji, hata nusu siku, bila kujipamba na bila kujitetea.

Zakia hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo theluthi hatuipati."

"Hatuipati, mwanangu. Na ada sina. Nimeitazama kila upande, sina."

Msichana aliinuka. Aliitoa aproni kwenye kamba, akaanza kuikunja, pembe kwa pembe, kama kitu kinachorudishwa kwa mwenyewe. Tijani aliangalia chini. Siku nzima alikuwa ameweza kutazamana na kila mtu, ila hapa hakuweza.

"Unafanya nini?" Mannubia aliuliza.

"Naikunja, mama."

"Mwezi umekwisha?"

"Bado siku tisa."

"Kuna mtu amekuja hapa akakwambia usiende kesho?"

"Hapana, lakini mama, watanifukuza tu."

"Basi wakufukuze." Mannubia aliinyang'anya aproni, akaikung'uta mara moja ikatoa mlio, akairudisha kwenye kamba. "Watoke darasani, waje langoni, waseme kwa midomo yao wenyewe, mbele ya watoto, kwamba wa tatu wao wanamtoa kwa sababu ya baba yake alikozaliwa. Ukishaikunja mwenyewe umewapunguzia kazi, na baba yako kazi yao ameshaifanya miaka kumi na tisa. Inatosha. Kaa ule, kesho una shule."